Pamba za Masikio katika Chumba cha Mashine

Nilikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, na cheti changu cha ufundi kimetundikwa ukutani kwenye fremu ya kioo, nilipoamini kwa moyo wangu wote kwamba mashine ya kusafisha damu hula masikio ya watu. Sikuambiwa na mlevi. Niliambiwa na Bwana Silwimba, mgonjwa wetu wa mashine na mfanyabiashara wa mchele wa Tunduma, mtu mwenye maghala na miwani, naye alikuwa na ushahidi: yeye mwenyewe alikuwa ameacha kusikia.

Maelezo yake yalikuwa haya. Damu ya mtu huzunguka mwili mzima, na masikioni hupita. Ikiingia kwenye mashine inachujwa na nyuzi nyembamba kuliko unywele. Uchafu unatoka, sawa. Lakini usikivu nao ni kitu chepesi, haukufungwa kwa kamba, kwa hiyo unavutwa pamoja na uchafu, unatoka kwa bomba la maji machafu na kuishia kwenye karo nyuma ya jengo. Mimi nikaongezea la kwangu, maana sijawahi kupokea uvumi nikaurudisha jinsi ulivyokuja. Nikasema ndiyo sababu vyura wa lile karo siku hizi wana masikio makali, mtu akisonya Tunduma wao wanaruka huku kwetu.

Watu walicheka. Lakini mimi ndiye niliyekuwa fundi wa ile mashine, na fundi akisema neno kuhusu mashine yake, hata kwa mzaha, watu hulibeba mpaka nyumbani.

Haya nawaandikia ninyi vijana mnaoingia sasa kwenye kazi ya mitambo ya hospitali. Mnaikuta kazi ina kompyuta, viyoyozi na viatu vya kufunika vidole. Sisi tuliikuta ina moshi.

Siku yangu ya kwanza niliripoti hospitali moja ya misheni humu mkoani, jina lake naliacha kibindoni, nikitokea kwetu Nanyala nimevaa shati la kaka yangu. Nilipelekwa kwa Fundi Mkuu, mzee wa Kamsamba aliyezoea joto la bondeni kiasi kwamba huku juu alivaa sweta mbili hata jua likiwaka, na watu walisema anaoga nazo.

"Wewe ndiye kijana wa Nanyala?"

"Ndimi, mzee."

"Shule?"

"Darasa la saba."

"Lete mikono."

Nikampa. Akaigeuza mbele na nyuma kama mtu anayechagua viazi sokoni. "Mikono imefika sekondari," akasema. "Wewe utaifuata polepole."

Kazi yenyewe ilikuwa boila, yaani pipa kubwa la chuma la kuchemshia maji ya kufulia mashuka. Lilikuwa kubwa, ng'ombe wawili wangeweza kufungiwa ndani wasijuane. Kabla ya mchana likaacha ghafla kutoa maji ya moto. Mimi, kwa bidii ya mgeni, nikarukia spana. Fundi Mkuu akanipiga kofi la mkono, si la hasira, la kufundisha.

"Unafungua nini?"

"Boila imeharibika, mzee."

"Nani kakuambia? Kabla hujafungua bolti, uliza kwanza nani kapita hapa kabla yako, na kaacha nini." Akageukia dirisha na kuita, "Dobi! Nani kafunga koki ya maji?"

Sauti ikajibu kutoka kwenye mashuka, "Mimi, mzee, ilikuwa inanilowesha!"

"Unaona," Fundi Mkuu akaniambia. "Boila haina kosa lolote."

Miaka yote aliyonisimamia, maneno hayo aliyarudia mpaka nikawa nayasikia kwenye ndoto. Kutoka boila nilihamishiwa jenereta, kutoka jenereta nikaenda kwenye mitungi ya oksijeni. Alipostaafu akaniachia kiti chake na sweta moja. Kati ya hapo nilisoma masomo ya jioni kule Mlowo. Tulikalia madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu, tukifundishwa na mwalimu ambaye naapa alikuwa hajaota ndevu. Kwenye baiolojia akatuambia figo zina umbo la haragwe, ni mbili, na kazi yake ni kuchuja damu na kutoa uchafu kwa njia ya mkojo. Nikaandika hivyo kwenye mtihani na nikapata. Kidato cha nne nilifaulu kwa wastani uliokuwa ukikohoa, lakini ulifika. Baada ya hapo nikapata cheti cha ufundi, na nilipovaa joho siku ya kukabidhiwa, mke wangu alipiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani wakahama.

Halafu zikaja mashine za kusafisha damu.

Kwa asiyejua, nieleze kidogo. Mtu ambaye figo zake zimekufa hana wa kumtolea uchafu na maji mwilini. Basi mara mbili au tatu kwa wiki huja kulala kando ya mashine kwa masaa yapatayo manne. Damu yake hutolewa kwa mrija, hupitishwa kwenye chujio lenye nyuzi nyembamba, kisha hurudishwa ikiwa safi. Kitu hicho wataalamu hukiita dayalisisi. Wagonjwa wetu walisema tu "naenda mashine", kama vile mtu anavyosema anaenda shamba. Nilipelekwa Dar es Salaam kufundishwa. Kazi ya fundi pale, zaidi ya vyuma, ni maji. Maji yanayopita upande wa pili wa chujio ni lazima yawe safi kuliko ya kunywa, yasiwe na klorini wala chokaa, maana yanatenganishwa na damu ya mtu kwa ukuta mwembamba kuliko karatasi. Kila asubuhi niliyapima kabla mgonjwa wa kwanza hajalala kitandani. Hayo niliyajua vizuri, na mpaka leo nayaongea kwa kifua mbele.

Nisichokijua kilikuwa dawa.

Mkubwa wetu katika chumba kile alikuwa Muuguzi Kiongozi, tuliyemwita Sista, mwanamke mwenye sauti ya kusimamisha lori mteremkoni. Yeye alipigana na adui mmoja kila siku, nayo ilikuwa homa. Wagonjwa wengi wageni huwa na katheta, yaani mrija laini uliozamishwa kwenye mshipa mkubwa wa shingo, ndio mlango wa damu kutoka na kurudi. Mlango huo ukiingiwa na vijidudu, mgonjwa hutetemeka kitanda kikacheza. Hapo ndipo inapohitajika antibayotiki, dawa ya kuua vijidudu. Sista aliwaambia, "Homa ikikushika, njoo hapa. Usipite popote. Hata kama ni siku isiyo yako, njoo hapa."

Lakini Tunduma ina mambo yake. Pale kila kitu kinapatikana kabla hujamaliza kukitaja, cha upande huu na cha ng'ambo ya mpaka. Kulikuwa na duka moja la dawa, silitaji, ambalo mwenyewe alijiita Dokta, na kwa kweli udokta alikuwa ameusomea kwenye kaunta. Huyu alikuwa na hoja moja iliyoteka wagonjwa wetu wote waliokaa upande wa Tunduma. Mtu akifika na homa, Dokta alimwambia ana yutiai, maambukizi ya njia ya mkojo. Mgonjwa akisema, "Lakini mimi nina tatizo la figo, naenda mashine," yule bwana ndiyo kwanza alifurahi.

"Vizuri sana! Figo si njia ya mkojo? Na jenta si dawa ya njia ya mkojo? Basi umefika kwenyewe."

Jenta ni sindano, antibayotiki ya zamani, jina lake kamili jentamaisini. Aliwachoma asubuhi na jioni, siku kadhaa mfululizo. Homa ilishuka, mtu akatoka anamsifu. Kwenye benchi letu la kusubiri jenta ilisifiwa kama mkwe mwenye adabu. Mama mmoja mwenye ndugu ng'ambo alikuwa akisema, "Kule wanamwita mudala wa figo," yaani mzee wa figo, na wenzake wakaitikia kama kanisani.

Sasa nimlete Mwalimu.

Mwalimu Kibona alitoka Mbebe, kule milimani Ileje. Hakuwa mwalimu wa darasa, alikuwa mwalimu wa kwaya. Alikuwa amefundisha kwaya ya kanisa lao tangu akiwa kijana, na waliosema walisema aliweza kusikia mtu mmoja aliyekosea kati ya waimbaji arobaini, akamtaja jina huku amempa mgongo. Mimi nasema mia nne. Siku yake ya kwanza kwenye mashine, kengele ya mashine ililia, nikaja mbio, nikamkuta amefumba macho.

"Fundi," akasema, "mashine yako inaimba sauti ya tatu, ila inashuka kidogo."

"Inashuka?"

"Nusu ya nusu. Ile ya pembeni iko sawa. Zikilia pamoja zinaniumiza."

Nikacheka nikidhani ni utani. Baadaye nikafungua ile mashine kwa shughuli nyingine, nikakuta spika ya kengele imepasuka ukingoni. Nikabadilisha. Iliporudi kulia, Mwalimu akainua kidole kimoja na kusema, "Haleluya, sasa tuna kwaya."

Tukawa marafiki. Yeye alinitania kwamba sisi Wanyiha tunaimba kama tunaofukuza ngedere kwenye mahindi. Mimi nikamjibu kwamba kwao Ileje wimbo mmoja huanza mchungaji akiwa kijana ukaisha amestaafu. Kwaya yake ilikuwa ikijiandaa kwa Pasaka, wimbo aliotunga mwenyewe, na aliniambia habari zake kitandani pale, mirija ikiwa shingoni, mkono mmoja ukipiga mapigo hewani. "Naweza kukosa figo, Fundi," alikuwa akisema. "Mungu kaniachia masikio."

Wakati wa mvua barabara ya kwao ilikuwa ngumu, kwa hiyo alikaa kwa dada yake Tunduma ili asikose mashine. Huko homa ikamshika. Dada mtu, kwa upendo wote, akamkokota mpaka kwa yule Dokta. Akachomwa jenta asubuhi na jioni mpaka homa ikakata. Siku ya mashine alipokuja alisema mwenyewe, kwa sauti, hakuficha: "Nilikuwa na yutiai, nimechomwa sindano, nimepona." Sista akamgombeza kwa kupita mtaani, kisha akashukuru Mungu kwamba homa imeisha. Sindano gani, hakuna aliyeuliza. Mimi nilikuwepo nikipangusa mashine.

Baada ya hapo akaanza kulalamikia nyenje.

"Mmeweka nyenje humu ndani?"

"Nyenje gani, Mwalimu?"

"Wanalia. Muda wote wanalia."

Halafu akaanza kuyumba akitembea, mtu asiyejua pombe, akishika ukuta kama anayetoka kilabuni. Daktari alimpima shinikizo la damu, akampima sukari, akamwandikia aende Mbeya kwa wataalamu wa masikio, safari aliyoiahirisha mpaka Pasaka ipite. Lakini Bwana Silwimba, ambaye masikio yake yalikuwa yameshaondoka, aliyatazama yale mayumbo na kupiga kelele, kwa kuwa hakujisikia, "Ndivyo nilivyoanza mimi! Ndivyo hivyo hivyo! Ni mashine hii!"

Ndipo uvumi ulipozaliwa, na mimi nikaubatiza.

Msinicheke haraka. Nilikuwa na hoja. Waliopoteza masikio wote walikuwa wagonjwa wa mashine. Ndugu zao wasiolala kwenye mashine walisikia vizuri. Nikaifungua mashine mpaka kwenye mifupa. Nilipima pampu, nilipima joto, nikapima maji mara nyingi kuliko nilivyowahi kupima kitu maishani. Sikupata kosa. Nami, badala ya kusema mashine haina kosa, nikasema kosa lake ni la siri.

Basi nikaja na dawa yangu: pamba. Nikachukua kopo la maziwa ya unga, nikalijaza pamba, nikaliweka mlangoni. Kila mgonjwa akiingia anachukua vipande viwili na kuziba masikio ili usikivu usipate pa kupitia. Mngeona chumba kile! Watu wote wamelala wameziba, Sista anaita majina hakuna anayeitika. Anamwambia mmoja anyooshe mkono, wa kitanda cha pili ananyoosha mguu.

"Nani kaleta upuuzi huu?" Sista akanguruma.

"Nini?" wakajibu wote.

Aliamuru pamba zitolewe. Wakatoa. Alipotoka nje, wakarudishia. Hata mgonjwa mmoja, mzee wa Kamsamba, aliyekuja moja kwa moja hospitali kila alipougua na ambaye masikio yake yalikuwa mazima kama ya sungura, naye aliziba. Huyo ndiye niliyewaonyesha watu kuwa ushahidi wangu: mnaona, kaziba, anasikia!

Nacheka ninapoandika. Kisha sicheki.

Jumamosi moja nilipanda Mbebe kutengeneza kipaza sauti cha kanisa lao. Kule kuna baridi, ukungu unaingia mpaka ndani ya kikombe. Nilikuwa nimeinama kwenye nyaya nyuma ya madhabahu kwaya ilipoanza mazoezi ya ule wimbo wa Pasaka. Mimi si mtu wa muziki, lakini nilisimama. Sauti ya kwanza, wale akina mama na mabinti wa juu, ilipanda kama moshi wa asubuhi usio na upepo.

Mwalimu akakatisha.

"Sauti ya kwanza. Mbona mmenyamaza?"

Wakatazamana. "Tumeimba, Mwalimu."

"Mmeimba? Mmetafuna. Besi nawasikia, tena nawasikia mno. Ninyi mko wapi? Tena!"

Wakaimba tena. Akakatisha tena, safari hii amekasirika, mtu ambaye sikuwahi kumwona na hasira. Akawaambia wana dharau, wamezoea, waende wakapike kama hawataki. Wakaimba mara ya tatu, mishipa ya shingo imesimama, binti mmoja wa mbele anaimba huku machozi yanamtoka, na sauti ilikuwa kubwa, jamani, mabati yalikuwa yanaitika.

Mwalimu akanigeukia mimi nyuma ya madhabahu.

"Fundi. Wanaimba?"

"Wanaimba, Mwalimu."

"Mdomo tu, au sauti?"

"Sauti, Mwalimu. Wanaimba sana."

Akashusha mikono. Akawatazama mmoja mmoja, kisha akasema taratibu, "Nisameheni, mama zangu," akakaa kwenye benchi la mbele. Mkewe, aliyekuwa kwenye sauti ya pili, akatoka kwenye mstari na kwenda kukaa karibu yake. Sauti nyembamba zilikuwa zimekwishaondoka. Nene zilikuwa zimebaki, na alijua zinafuata.

Njiani kunisindikiza, aliniuliza kitu kimoja. "Ni mashine?"

Nikamjibu, "Wanasema hivyo. Na mimi nadhani hivyo."

Akaacha kuja. Wiki ya kwanza tukadhani ni barabara. Wiki iliyofuata nilimpigia simu mkewe, nikamsihi amwambie aje hata mara moja, nitamzibia masikio mwenyewe kwa pamba mbili-mbili. Nikasikia mama anampigia kelele sikioni, kisha akanirudia. "Anasema mguu uliovimba unaweza kuongoza kwaya. Sikio lililokufa haliwezi. Anasema anasubiri Pasaka ipite, ndipo atarudi mashine."

Alitaka Pasaka moja tu. Hakuifikia akiwa anasikia. Waliomleta walimbeba juu ya mlango wa nyumba uliong'olewa, amevimba uso, maji yamejaa mapafuni, anavuta pumzi kama anayenyonya uji kwa mrija. Tukamwekea mashine. Masaa manne baadaye alikuwa anapumua, na siku mbili baadaye alikuwa amekaa anakula. Aliponiona alitabasamu na kugusa masikio yake, kisha akatikisa kichwa. Nyenje tu, akasema. Nyenje peke yao. Kwaya yake iliimba Pasaka bila yeye, na waliokuwepo walisema iliimba vizuri. Hilo hakuna aliyemwambia. Labda lingemfurahisha, labda lingemuua.

Miezi yangu ya mwisho kazini tulipokea mfamasia mpya, binti wa Mbozi aliyesomea dawa chuo kikuu, mpole wa sura lakini habanduki kwenye jambo. Akaja na taratibu ambazo kwa mara ya kwanza zilinifanya nisikilize habari za antibayotiki. Mgonjwa mwenye katheta akipata homa, kwanza damu yake ichukuliwe ikaoteshwe maabara ijulikane ni kijidudu gani, kisha dawa ianze bila kuchelewa. Dozi ya mtu mwenye figo nzima asipewe mtu asiye na figo. Nyingi hupunguzwa, au hutolewa kwa kuruka siku. Ziko zinazotoka kwa njia ya ini na nyongo, hizo dozi yake haiguswi sana. Iko ya vidonge vya maambukizi ya mkojo ambayo kwa watu wetu haifai kabisa, kwa kuwa kazi yake huifanyia kwenye mkojo na wao mkojo hawana. Na ziko ambazo mashine huziondoa kwenye damu, hizo zitolewe mwisho wa mashine, si kabla, la sivyo unampa mgonjwa dawa na kuimwaga kwenye bomba.

Hapo mimi nikainua mkono kwa furaha. "Kumbe mashine inaondoa dawa!"

"Baadhi, ndiyo, Fundi."

Nikawageukia wagonjwa kama wakili aliyeshinda kesi. "Mnaona? Kama inaondoa mpaka sindano, sikio ni nini?" Yeye akadhani natania. Mimi nilikuwa na furaha kweli, kwa sababu mtu akishaamini jambo, hata ukweli ukipita karibu yake anaukodi uje kumtumikia.

Mambo mengine nayajutia kama wazee wote. Sikujifunza kompyuta vizuri. Sikumtembelea Fundi Mkuu wa zamani mpaka nikaenda kwenye msiba wake. Vijana huniuliza kama kazi ilinilipa, nami huwaambia ilinilipa kwa watu: watu waliolala wakiwa rangi ya majivu na kuamka wanauliza chakula. Ila kila ninapofika hapo kwenye hesabu, nasimama. Naisikia sauti ya kwanza ya Mbebe ikipanda, na mtu mmoja amesimama mbele yake anauliza mbona mmenyamaza.

Siku ya kuagwa walinifanyia tafrija ukumbini, soda na pilau. Mwalimu Kibona alikuja. Alikuwa anaendelea na mashine, amekonda, anatembea na fimbo, na alikuwa na pamba masikioni. Hasikii kitu, lakini pamba alivaa. Nilipewa nafasi ya kuzungumza. Nilieleza boila, sweta, masomo ya jioni. Watu walicheka mpaka meza zikahama. Mwisho nikatoa lile kopo la maziwa, nikamkabidhi kijana aliyechukua nafasi yangu, nikasema, "Mashine hii ni nzuri, inaokoa, ila ina tamaa ya masikio. Ilimla Bwana Silwimba, ikamla Mwalimu wangu huyu. Usiruhusu kopo hili likauke pamba."

Makofi. Mfamasia hakupiga. Alikuja mpaka meza kuu, akainama kati yangu na Mwalimu.

"Fundi, hilo la masikio ulikuwa unalisema kweli?"

"Kweli tupu, binti yangu."

"Kabla masikio hayajaanza kulia, huyu mzee aliumwa nini?"

"Homa. Yutiai. Alipita Tunduma."

"Akapewa dawa gani?"

"Jenta. Wote wa Tunduma huwa wanachomwa jenta. Asubuhi na jioni."

"Na Bwana Silwimba?"

"Naye."

"Na yule mzee wa Kamsamba anayesikia vizuri?"

Nilifungua mdomo nimjibu kwamba yule aliziba pamba. Ndipo nikakumbuka. Yule hakuwahi kupita Tunduma.

Binti akavuta kiti. Alisema maneno machache, kwa upole, kama mtu anayetoa mwiba. Mwalimu alikuwa anatutazama midomo, anahama kutoka kwangu kwenda kwake. Akanigusa mkono. "Anasemaje?"

Nikamwomba binti ayarudie, amwelekee Mwalimu, aseme polepole ili amsome midomo. Akatoa pamba masikioni mwa Mwalimu, moja baada ya nyingine, akaziweka mezani. Kisha akasema:

"Si mashine, Mwalimu. Ni ile sindano. Jenta ikizidi mwilini inaua masikio, na kwa mtu mwenye figo inatoka kwa mkojo. Wewe figo huna, kwa hiyo ilibaki ndani. Mashine ndiyo peke yake iliyokuwa inaitoa."